Ile ya Puani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kulificha hilo. Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba pale Katesh, na mtoto wa dukani hujifunza kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Mtu akicheka sana namshuku. Akinyamaza namshuku zaidi. Mjomba Yusuph aliponipa kazi ya kusimamia ghala lake la maharage kule Gitting, aliniambia, "Safina, wewe hata kivuli chako unakipekua mifuko." Nilifurahi sana siku ile, nikidhani ananisifu.

Nasema haya mapema ili ujue ni nani anayekusimulia jinsi Juliana alivyofukuzwa kazi Julai ya mwaka jana. Aliyemfukuza ni mimi.

Ghala la mjomba lina kuta za matofali, bati juu, mlango mmoja wa mbao na madirisha manne. Wakulima wanaleta maharage yao kwa magunia, na akina mama wanane wanakaa kwenye meza mbili ndefu wanayachambua: mawe huku, punje zilizooza huku, zilizotobolewa na wadudu huku, na yaliyo safi yanasubiri gari la mnunuzi wa Arusha. Ni kazi ya macho na vidole. Mimi nilikuwa na chumba changu kidogo cha ofisi kwa nje, chenye mlango wake na dirisha lisilofunga vizuri. Ghalani niliingia mara tatu au nne kwa siku, nikazunguka meza, nikatoka.

Mwishoni mwa Juni niliona maharage yamemwagika nyuma ya ghala, chini ya dirisha la pili. Hayakujaza hata kikombe. Mtu mwingine angeyafagia akaendelea na siku yake. Mimi nilisimama pale nusu saa nzima nikilitazama lile dirisha, kisha nikaenda kununua mbao na misumari ya inchi nne, nikayapigilia madirisha yote manne kwa mkono wangu. Fundi sikumwita, kwa sababu fundi naye ni mtu wa pale pale, na huenda alikuwa na shangazi kwenye zile meza. Nyufa zilizobaki nikazisokomeza viroba vilivyochanika. Panya, kuku au mtu, mpaka leo sijui nani aliyamwaga yale maharage.

Kisha Julai ikaingia. Anayeijua Gitting mwezi huo hahitaji kuelezwa: ukungu unashuka kutoka mlimani alfajiri na hauondoki mpaka karibu saa sita, na maji ya bomba yanauma meno. Mama Efrazia akaja ofisini kwangu. Huyu ni mama wa Kiiraqw, kwao Tumati, mtu mzima kuliko wote pale ghalani, na ndiye aliyekuwa akiwasemea wenzake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Vidole havishiki punje. Tuwekee hata jiko basi."

Niliwawekea majiko mawili ya mkaa, moja kwa kila meza. Nilijiona nina moyo mzuri kweli. Mlango tukaufunga ili joto lisitoke.

Hazikupita siku kumi mambo yakaanza kuharibika. Mnunuzi wa Arusha alirudisha magunia kumi na moja: mawe yamo, punje zilizooza zimo, kana kwamba hayakupita mezani kabisa. Mjomba akanipigia simu. Hakupiga kelele, na mjomba asipopiga kelele ujue amekasirika.

"Safina, hapo kuna mtu anakuchezea. Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Mtafute, au mimi nitafute msimamizi mwingine."

Nikaanza kupeleleza. Nilifungua magunia yaliyokuwa yakisubiri gari, moja baada ya jingine, nikagundua jambo lililonikosesha raha. Yaliyojazwa asubuhi yalikuwa safi kabisa. Yaliyojazwa baada ya saa tano yalikuwa takataka. Sasa mtu asiyejua kazi hajui asubuhi na hajui mchana. Hawa walijua. Kwa hiyo, nikajiambia, wanafanya makusudi.

Na visingizio! Kichwa kinauma. Macho yana giza. Miguu haina nguvu. Mmoja akisema, mwenzake anadakia. Nilikuwa nawaambia wazi kwamba watu wanane hawaumwi kichwa kimoja. Kornelia, binti mwenye maneno mengi kuliko wote, ikifika saa sita alianza kucheka peke yake, kisha analaza kichwa mezani katikati ya punje na kufumba macho. Jumapili nilipita karibu na kanisa lao nikawasikia wanaimba, wazima kabisa, sauti ya Kornelia juu ya wote. Jumatatu saa tano wanashika vichwa. Ni ugonjwa gani huo unaojua kalenda?

Lakini aliyenitia mashaka kuliko wote ni Juliana. Juliana ni Mdatoga, ameolewa kwenye boma la wafugaji huko nyanda za chini, upande wa Nangwa. Siku za kazi alilala Gitting kwa mama mmoja wa kanisani kwake, na Jumamosi alirudi kwa mumewe. Mlinzi wetu wa usiku, Gidabuday, ni shemeji yake, mdogo wa mume wake, na ndiye aliyempa habari za kazi hii. Kiswahili cha Juliana kilikuwa cha darasa la nne, kifupi, na kila alichosema alikisema akitazama chini. Kwangu mimi mtu anayetazama chini ana kitu anachokificha.

Jumatatu ile alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Dada, mle ndani ile ya puani imekwisha."

"Ile nini?"

Akagusa pua yake kwa kidole. "Ya puani, dada. Imekwisha."

Mimi nilijua kitu kimoja tu cha puani, na hata wewe ungewaza hicho hicho: ugoro, tumbaku ile ya kusaga ambayo wazee wa huku wanainusa mpaka wanatoa machozi. Niliduwaa. Yaani mfanyakazi ananifuata ofisini kunishtakia kwamba ugoro wao umekwisha! Na papo hapo nikajiona nimeelewa kila kitu: vile vicheko, ule usingizi, yale macho ya giza. Wananusa mchana kutwa, halafu mawe yanaingia kwenye magunia.

"Rudi kazini," nikamwambia. "Hapa si dukani kwa baba yangu."

Alinitazama kidogo, akaenda.

Tangu hapo masikio yangu yakafunguka. Nikawa napita nyuma ya ghala taratibu, naweka sikio ukutani. Na kweli, lilikuwa neno la wote. "Juliana, fungua mlango ya puani iingie." "Leo ya puani imekwisha mapema, jamani." Kisha vicheko. Na kila baada ya muda mlango unafunguka, mkono wa Juliana unatokeza, unaweka ndala chini ili mlango usijifunge. Nilikaa ofisini na daftari nikiandika: saa mbili na nusu, amefungua. Saa tatu na robo, amefungua. Hesabu ilikuwa wazi kwangu. Kuna mtu anapita kuwaletea. Mara mbili nilitoka mbio nimkamate, nikakuta ukungu na mbuzi wa jirani. Badala ya kujiuliza, nikaamini kwamba huyo mtu ni mjanja sana. Ile ndala niliipiga teke kila nilipoikuta, nikaufunga mlango mwenyewe.

Jumanne nilipokuwa nazunguka meza, Juliana akaniambia tena, kwa sauti ndogo, "Dada, ya puani hakuna. Dirisha moja tu, fungua." Dirisha! Nusura nicheke. Kumbe mlango mmoja hauwatoshi, wanataka na lile walilokuwa wakimwagia maharage yangu.

Jumatano jioni alinisubiri nje, amejitanda shuka.

"Kornelia ametapika," alisema. "Ile ya puani ni mbaya, dada. Sasa ni mbaya."

"Kama ni mbaya, acheni kuitumia."

Akaondoka zake kwenye ukungu, na mimi nikabaki nimeridhika kwamba nimemjibu vizuri.

Alhamisi nikapekua. Niliwasimamisha wote saa nne asubuhi, nikapita na mikoba, nikafungua mafundo ya kanga moja moja. Kila mkoba ulikuwa na dawa za maumivu ya kichwa. Mikoba minane, dawa za kichwa. Hilo halikunishtua hata kidogo, kwa sababu si nilichokuwa nakitafuta. Kwenye mkoba wa Juliana nilikuta kopo dogo la bati. Nikalifungua, nikanusa, nikapiga chafya mbele ya watu wote. Ugoro.

"Haya," nikasema. "Ya puani hii hapa."

"Si hiyo, dada. Hiyo ni ya mzee. Nimenunua jana gulioni, nimpelekee Jumamosi."

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumbani."

"Huyo mzee ana jina?"

Akaanza kulifunga tena fundo la kanga nililolifungua.

"Nakuuliza, Juliana. Anaitwa nani?"

Alitazama chini. Niliona jasho juu ya mdomo wake, katika baridi ile. Angetaja jina lolote, hata la uongo, ningebaki na la kuuliza. Lakini hakutaja. Mama Efrazia akainuka kwenye benchi.

"Mwanangu, hawa kwa mila yao..."

"Nimekuuliza wewe, mama?"

Nilimkatiza hivyo hivyo, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Akakaa. Naona aibu kuandika hapa kwamba wakati ule sikuona aibu. Mimi nimezaliwa Katesh. Nilikuwa nimesikia, kama kila mtu anavyosikia, kwamba wake wa Kidatoga hawataji majina ya baba wakwe zao. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua bei ya sukari. Lakini nilikuwa na kopo mkononi, na mwenye kopo mkononi hakumbuki.

"Chukua vitu vyako," nikamwambia. "Usirudi."

Hakulia wala hakunibembeleza. Alikunja shuka lake, akachukua mkoba, akaaga wenzake kwa mkono, mmoja mmoja. Mlangoni aligeuka.

"Dada, wasifunge mlango. Ya puani haitoshi."

Nikajiambia, tazama huyu, anafukuzwa na bado anaagiza. Nilimpigia mjomba palepale kumwambia nimempata. Akasema vizuri, Jumamosi atakuja kuona kazi.

Ijumaa niliingia ghalani pamoja na wale saba waliobaki. Nilitaka siku hiyo itoke safi kuanzia punje ya kwanza hadi ya mwisho. Mama Efrazia aliwasha majiko kama kawaida. Mimi nikafunga mlango, nikashusha komeo kwa ndani, nikakaa mahali pa Juliana, jirani kabisa na mlango. Leo hakuna kitakachoingia humu, nikawaza, na kwa kweli hakikuingia.

Saa moja ya kwanza nilifurahia. Joto lilikuwa zuri, mikono ya akina mama ilikwenda haraka, maharage yalilia kwenye mabeseni. Niliona aibu kidogo kukaa bure, nikavuta fungu langu nami nikaanza kuchambua ili niwaonyeshe inavyotakiwa. Saa mbili zilipopita nikahisi kitu kinanibana juu ya macho. Nikasema ni kwa sababu sikunywa chai ya kutosha. Nikahesabu magunia yaliyojaa: sita. Nikasahau kama nimeandika, nikahesabu tena: nane. Nikajikasirikia, nikahesabu mara ya tatu kwa kunyoosha kidole, kidole chenyewe kikawa hakitulii.

Mama Efrazia alinyoosha mkono juu ya fungu langu la maharage safi. Akatoa jiwe, akaliweka mbele yangu bila kusema neno. Kisha akatoa la pili, na punje nyeusi iliyooza. Mimi mwenyewe ndiye niliyeziweka. Nilizitazama, na nakwambia kweli, sikuziona kama mawe; niliziona kama vitu tu, havina jina.

Unadhani hapo nilielewa? Mimi? Nilijua mara moja kwamba wameniwekea kitu kwenye chai. Ilikuwa chai ya chupa ya Kornelia, alinimiminia saa tatu, tena kwa tabasamu. Nilimgeukia nimwulize, nikakuta amelaza kichwa mezani. Anaigiza, nikawaza. Mama mwingine pembeni yake naye amelala. Mama Efrazia alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo, kisha akateleza kutoka kwenye benchi taratibu, kanga yake ikanasa kwenye msumari wa meza ikachanika, na hakufanya chochote kuishika. Mwanamke yule nilikuwa sijamwona akiacha hata punje moja ianguke.

Nikataka kusimama. Komeo lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Magoti yalikataa, nikajikuta shavu langu liko kwenye saruji, na saruji ilikuwa baridi na nzuri. Niliona miguu ya akina mama chini ya meza, haitikisiki. Nikaogopa, ndiyo, lakini hofu yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine. Nakumbuka niliwaza: mlango nimeufunga mimi.

Kisha mlango ukagongwa. Sauti ya Gidabuday iliita jina langu, ikaita la mama Efrazia. Alikuwa amerudi kutoka mnadani Katesh asubuhi ile, na Juliana alikuwa amemfuata ili aje kunieleza habari za lile kopo, kwa kuwa yeye shemeji angeweza kutaja jina ambalo Juliana hawezi. Waligonga, wakasikiliza. Halafu Gidabuday akaupiga mlango kwa bega, mara nyingi, mpaka komeo likang'oka pamoja na ubao wake.

Aliyeruka ndani kwanza ni Juliana. Alisimama katikati ya ghala sekunde moja, na hapo nikamsikia akipiga ukelele ambao sikujua kama sauti yake ndogo inaweza kuutoa.

"Hewa! Watoe nje, hakuna hewa! Hewa!"

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Ajabu ni kwamba Gidabuday alisimama. Watu wanakufa sakafuni, na yeye alimtazama shemeji yake kana kwamba amemwagiwa maji. Ilikuwa mara moja tu. Kisha akaniruka, akamshika mama Efrazia kwapani, na wakaanza kututoa, wawili wale, mmoja mmoja, kutulaza kwenye nyasi zenye umande. Juliana aliyabeba majiko yenyewe kwa kanga akayatupa nje, na alama ya moto anayo mkononi hadi leo.

Tulipelekwa Katesh kwenye pikapu ya jirani. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema mkaa ukiwaka mahali palipozibwa unatoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu anayeivuta kidogo kidogo kila siku hafi. Anaumwa kichwa, anatapika, anasahau, anakosea kazi. Akitoka nje jioni anapata nafuu. Akikaa nyumbani Jumapili anapona. Aliuliza kama tulikuwa tumeona dalili zozote kabla. Nilikuwa kitandani na mpira wa oksijeni usoni, nikashukuru kwamba siwezi kujibu.

Hakuna aliyekufa. Lakini mama Efrazia alilala hospitali siku sita, na alipotoka mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mpaka leo haijaacha. Mwanamke aliyekuwa anaona jiwe la ukubwa wa punje kutoka upande wa pili wa meza, sasa anashika kikombe kwa mikono miwili. Nilikwenda kumwona, nikamwamkia, akaitikia marahaba kama zamani, na akaniuliza hali. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha wodi.

Mjomba Yusuph alikuja, akang'oa zile mbao mwenyewe kwa mtarimbo. Hakuniuliza nani alizipigilia, nadhani alijua. Aliniambia tu, "Yule uliyemfukuza arudi kazini, na umwombe radhi." Nikamtafuta Juliana kwa mama yule wa kanisani, hakuwepo. Ikabidi nimwulize Gidabuday.

"Yuko kwa mama yake," alisema. "Kwa mume hawezi kuingia sasa."

"Kwa nini?"

Alikuna kidevu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Baba yetu anaitwa Gidahewa," akasema. "Mke wa mtoto wake hamtaji. Na neno lolote linalogusa jina lake hasemi, liwe la kwetu, liwe Kiswahili. Nyumba nyingine siku hizi hawashiki hivyo. Kwetu mama alishika mpaka amekufa, na shemeji ameshika miaka tisa. Ile ya puani unafikiri ni nini, dada Safina? Alikuwa anakuambia hewa."

Kumbe wenzake nao waliliokota neno hilo kwake, kwa utani. Nilitaka kusema angetumia neno jingine, angesema pumzi, angesema chochote. Lakini mtu wa darasa la nne anapokukuta umekunja uso, maneno yanampungua, na mimi uso wangu ulikuwa umekunjwa tangu siku aliyoajiriwa.

"Sasa ametaja mara tatu, kwa kelele, mimi mtoto wa mzee nikiwa pale," Gidabuday aliendelea. "Mzee amepata habari. Kuna asali ya kupeleka, na kuna kueleza. Asali nitatafuta mimi. Kueleza ni wewe."

Basi tukaenda, Jumapili. Boma la mzee liko kwenye tambarare, upepo unapita pande zote na huoni kitu cha kuuzuia. Mzee Gidahewa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, shuka begani, fimbo juu ya magoti. Juliana alikuja na dada yake lakini alibaki nje ya ua wa miiba, amejifunika shuka kichwani, ametupa mgongo. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Niliwahi kumwona akitazama chini mara nyingi, ila sikuwahi kumwona akiwa mdogo namna ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Gidabuday akaweka asali. Mzee hakuitazama. Alinitazama mimi, na Kiswahili chake kilikwenda polepole.

"Mke wa kijana wangu amenitaja. Mbele ya watu. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee. Nilikuwa chini, sakafuni."

"Alinitaja mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Eleza."

Nikaeleza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mazuri, yenye kuzunguka. Nilipomwona Juliana pale kwenye miiba yakanitoka. Nilisema misumari niliinunua mimi. Viroba nilisokomeza mimi. Majiko nilileta mimi, na mlango niliufunga mimi. Nilisema kuhusu kopo la ugoro la mzee, jinsi nilivyolinusa mbele ya watu na kumfukuza Juliana kwa sababu amekataa kutaja jina la huyo mzee. Gidabuday alikuwa anarudia kwa Kidatoga pale mzee alipoinua kidole. Aliinua mara chache tu.

Nilipomaliza, mzee aliigeuza fimbo juu ya magoti yake. Ndama alilia mahali fulani. Nilianza, Mungu anisamehe, kumshuku hata yeye: anapanga kunidai ng'ombe, anapanga kunilaani.

"Kabla hajaniita mimi," akasema, "alikuita wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mara ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole, kama mtoto, kwa sababu sikutaka kukosea. Ofisini. Mezani. Nje, jioni. Mlangoni, amekunja shuka lake.

"Mara nne," nikasema.

Mzee alitikisa kichwa taratibu.

"Mimi ameniita mara tatu, na mimi niko huku mbali na ng'ombe," alisema. "Wewe amekuita mara nne, na uko mlango wa pili."

Kisha akamgeukia Gidabuday, akasema maneno machache kwa lugha yao, na Gidabuday akaenda kwenye ua akamwita shemeji yake. Juliana alipita karibu yangu, akainama mbele ya mzee, akaingia ndani ya nyumba. Dada yake alimfuata na chombo cha asali. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, hakuna aliyeniambia nikae.